Mtu wa Tatu Darasani

Swali lilikuwa fupi. Mtoto ana kilo 8. Daktari ameagiza paracetamol, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Sirapu iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Utampa mililita ngapi?

Jibu ni 5, kijiko kimoja kidogo cha chai. Mwanafunzi huyu alikuwa ameipiga hesabu yake vizuri, mstari kwa mstari, mpaka akapata kwamba mtoto anahitaji miligramu 120. Halafu kwenye mstari wa mwisho, sijui ni usingizi ama ni haraka, nukta ikamponyoka. Akaandika 50, akaipigia mistari miwili chini vile tulivyofunzwa shule ya msingi.

Anti akampa sufuri.

Nilimwona akiiandika. Ilikuwa Jumapili jioni, tuko kwa mamangu hapa Tuwan. Stima ya kwake, upande ule mwingine wa Kitale, ilikuwa imepotea tangu asubuhi, kwa hivyo akaja na rundo lake la karatasi. Meza ni moja. Upande huu Anti anasahihisha, upande ule mimi na laptop. Nikamwambia, bila kuulizwa, kwamba kwa hesabu za sekondari huyo mtu angepata alama tatu kwa nne. Njia yake ni sawa. Ni jibu tu limekataa.

"Baba," akasema. Huniita Baba kwa sababu nina jina la babake. "Mtoto hanywi njia."

Baadaye nikaipiga hiyo hesabu mwenyewe. Mililita 50 za hiyo sirapu ni miligramu 1,200. Kwa mtoto wa kilo 8, hizo ni miligramu 150 kwa kila kilo, mara kumi ya dozi, kiwango ambacho manesi hufunzwa kukiogopa kwa sababu ya ini. Lakini jioni hiyo nilicheka tu, nikarudi kwa kazi yangu. Na kazi yangu jioni hiyo ilikuwa kumwandikia mwanafunzi wa unesi wa Marekani mpango wa kumhudumia mgonjwa wa moyo.

Nyinyi mliopitia campo za hapa mnaijua hii biashara hata kama hamkuifanya. Mwanafunzi wa Marekani, Uingereza au Australia anapewa insha. Hana muda, au hana hamu, au ana shifti mbili na mtoto mchanga. Analipa tovuti fulani. Kazi inatua kwa mtu Kenya mwenye akaunti, naye mwenye akaunti anaigawia mtu kama mimi, aliye kwa keja na bando la usiku. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, ambaye ni mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia waandishi wa aina hii, na mwaka 2024 ikatoka filamu kuhusu suala hilo, The Shadow Scholars. Kule England, sheria ya mwaka 2022 ilifanya kuuza huduma hii kuwa kosa la jinai. Hapa kwetu ni kazi kama kazi. Mamangu aliijua kama "ile ya kompyuta" na alikuwa akiniombea iendelee.

Mimi niliingia baada ya kutoka chuo mwaka wa pili, salio la karo likiwa limeshanizidi urefu. Nilikuwa nikisoma kitu kingine kabisa, si mambo ya afya. Lakini katika hiyo biashara unesi ndio ugali. Historia huja na kupotea, falsafa ni ya bahati, unesi upo mwaka mzima. Nimeandika kuhusu moyo kushindwa kusukuma damu, vidonda vya miguu vya wenye kisukari, unyogovu baada ya kujifungua. Nimeandika insha mbili kuhusu uaminifu katika taaluma ya uuguzi. Moja ilipata A.

Na kuna zile za tafakari. Hizo ndizo zilikuwa zinalipa kidogo zaidi kwa sababu haziwezi kunakiliwa mahali. Swali linasema: eleza siku ulipomhudumia mgonjwa, ulihisi nini, ulijifunza nini. Mimi sijawahi kumhudumia mgonjwa. Kwa hivyo nilikuwa namuumba. Mzee wa miaka 78, mjane, anakataa kula, mwanafunzi anakaa kando ya kitanda mpaka mzee anaongea kuhusu mkewe. Nililia kidogo nikiandika ya huyo mzee, naapa. Nilimpa mkewe jina na bustani ya nyanya.

Jioni hiyo Anti alichoka na rundo lake, akazunguka meza kuja kuchukua chai, akasoma kwenye skrini yangu. Akasoma akiwa amesimama, kikombe mkononi, mpaka mwisho wa ukurasa. Nilidhani atauliza ni nini. Hakuuliza. Mtu aliyefundisha manesi miaka yote hiyo anajua mpango wa huduma akiuona.

"Hii ningeipa themanini," akasema. Halafu, baada ya kumeza: "Na mwenyewe anajua?"

"Anajua nini, Anti?"

"Yaliyomo."

Nikapata jeuri. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2021 Kenya na Uingereza walitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wetu kule, na mwaka huohuo Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, akasema kati ya wauguzi 300 waliofanyiwa mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10. Kumi! Na mimi niko Tuwan, sina digrii, nawaandikia Kiingereza watu ambao hawana lugha nyingine. Sasa hapo nani anamdanganya nani?

Anti alicheka sana, na Anti akicheka hushika meza. Halafu akasema wale 290 walikuwa wanajua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumchubua, na kwamba hilo halikuulizwa. Akarudi kwa karatasi zake. Hakunihubiria. Ningefurahi angenihubiria, ningekuwa na kitu cha kubishana nacho.

Kwa hivyo nimekuwa nikibishana mwenyewe, tangu siku hiyo.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa ya pesa, na hiyo tuipite haraka, kwa sababu kila mwizi anayo na wakati mwingine ni ya kweli. Ya pili ilikuwa bora. Nilijiambia kwamba huyo mwanafunzi wa Marekani, hata nikimwandikia insha zote, mwisho atakutana na mtihani wa leseni, na huko mimi sipo. Kama hajui, atachujwa. Insha ni makaratasi tu.

Halafu ikaja Januari 2023. Serikali ya Marekani ikatangaza kesi dhidi ya watu 25 kuhusu shule za unesi za Florida zilizouza vyeti zaidi ya 7,600 kwa watu ambao hawakuwa wamesoma wala kufanya mafunzo ya wodini. Msako huo waliuita Operesheni Nightingale, kwa jina la Florence Nightingale, aliyefungua shule yake ya wauguzi London mwaka 1860. Kati ya wale wenye vyeti vya kununua, karibu 2,400 walifanya mtihani wa leseni wakapita. Chujio langu lilikuwa na matundu hayo yote.

Lakini wachunguzi walisema pia kwamba hawakupata ushahidi wa mgonjwa aliyedhurika. Nikabeba hiyo habari mpaka kwa Anti kama mtu anayepeleka risiti. Akaisoma kwa simu yangu. Akasema wodini mtu akifa huandikiwa ugonjwa wake. Hakuna mahali kwenye cheti cha kifo pa kuandika kwamba nesi hakusoma sura ya saba.

Nikabaki na hoja ya tatu, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiitegemea hasa bila kuisema kwa sauti: mgonjwa huyo si wangu. Yuko mbali. Sitamwona, hatanijua. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilikuwa nimeigeuza ikawa kibali. Kosa la mbali haliui mtu.

Nilikuwa nimeshamsoma mtu aliyeipinga hoja hiyo, na nilimsoma kwa malipo. Mteja mmoja alitaka insha ya maadili yenye Peter Singer ndani. Singer ni mwanafalsafa wa Australia. Mwaka 1972, akiwafikiria watu wa Bengal waliokuwa wamekumbwa na njaa na vita vya wakati ule, alichapisha makala akiuliza hivi: ukipita kando ya kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia umtoe hata kama viatu vitaharibika. Sasa kwa nini mtoto anayekufa nchi nyingine awe na uzito mdogo, kwa sababu tu huwezi kumwona? Alisema umbali wenyewe haubadilishi kitu. Nilimweleza vizuri kabisa, kurasa tano, nikalipwa, nikalala.

Ila nikimfikiria Singer leo naona kesi yangu ni mbaya kuliko yake. Yeye anaongea na mtu aliyepita bila kusaidia. Mimi sikupita. Mimi ni kama yule aliyeandika kibao cha "maji haya ni mafupi" akakiuza, bila kuwa ameyapima.

Sasa niwarudishe huku, kwa sababu umbali wa Marekani ulinifanya nisione kitu kilicho karibu na pua. Manesi wa huku hujifunzia wapi? Darasani wanafunzi ni wengi na kidoli cha kufanyia mazoezi ni kimoja, labda viwili. Mwishowe lazima waingie wodini, na wodi ni za hospitali za umma, na walio kwenye hizo wodi ni sisi. Tajiri wa Kitale akiugua anapelekwa kwa chumba cha peke yake, ama anapelekwa Eldoret. Mtu wa Tuwan, wa Kipsongo, wa Matisi, ndiye anayeamka anakuta vijana sita wenye sare wamezunguka kitanda, na mwalimu anauliza, "Nani atatafuta mshipa?" Sisi ndio vitabu. Sisemi ni vibaya. Bila hivyo hakuna nesi hata mmoja angepatikana. Nasema tu kwamba mtu mwingine akinunua insha, karatasi haimalizikii kwa mwalimu. Inaendelea kutembea mpaka ifike kwa mtu aliyelala.

Anti humwita huyo "mtu wa tatu". Darasani kuna mwalimu, kuna mwanafunzi, na kuna yule mgonjwa ambaye bado hajaugua. Hayupo, hawezi kuinua mkono kulalamika, na kila mara mwalimu na mwanafunzi wanapoelewana vizuri sana, yeye ndiye hulipa. Mwanafunzi akiomba alama mbili za huruma, Anti anasema, huwa anaomba kitu kilicho mfukoni mwa mtu mwingine.

Alinipa mfano ambao sijausahau. Kitale hupokea wagonjwa kutoka Pokot Magharibi na Turkana. Mwanafunzi wake mmoja alitumwa kuchukua maelezo ya mama mmoja kutoka upande wa Pokot, mama asiye na Kiswahili cha kutosha. Mwanafunzi akauliza maswali yake, mengine kwa Kiingereza, mama akatikisa kichwa. Kwenye fomu, penye malalamiko ya mgonjwa, mwanafunzi akaandika: hana. Mama alikuwa na maumivu ya tumbo siku tatu. Ilijulikana baada ya saa chache, mfagiaji wa wodi alipomsalimia kwa lugha yake.

Kesho yake darasani Anti hakumtaja huyo mwanafunzi kwa jina. Aliuliza darasa zima: kwa nini mtu huandika "hana" badala ya "sikuelewana naye"? Wakanyamaza. Mwishowe kijana wa nyuma akasema, "Madam, ukiacha wazi wanadhani hukufanya kazi."

Hilo jibu lilinichoma, maana ndilo lililokuwa likinilisha. Watu walikuwa wananilipa nijaze mahali palipo wazi. Katika insha zote nilizowahi kuandika, na ni nyingi, hakuna hata moja yenye neno "sijui". Nisingelipwa. Mwanafunzi aliyepaswa kukaa usiku na kugundua kwamba hajui tofauti ya dawa hii na ile, nilimnyang'anya huo usiku. Nilimuuzia uwezo wa kutojua bila mtu yeyote kugundua, hata yeye mwenyewe.

Anti akaanzisha sheria yake baada ya huyo mama. Kwenye maswali ya dozi, ukiandika jibu lisilo sahihi, sufuri, hata kama njia ilikuwa ya dhahabu. Lakini ukiandika "sina uhakika, ningemuuliza msimamizi kabla ya kutoa dawa", unapata alama moja kati ya nne. Walimu wenzake walimpinga. Mmoja alimwambia anafundisha uvivu, kwamba wanafunzi wataandika "sina uhakika" ukurasa mzima. Anti akasema alama moja kwa nne ni kufeli, wafeli salama. Mimi mwenyewe niliiona ni sheria ya ajabu. Unampa alama mtu asiyejua, unamnyima aliyekaribia kujua?

Halafu mamangu akalazwa.

Sukari ilikuwa imepanda, akalazwa siku nne katika hospitali ya umma. Siku ya pili, jioni, akaja mwanafunzi na trei, msichana mdogo kunizidi mimi, kumpa insulini. Akaangalia faili. Akaangalia sindano. Akarudi kwa faili. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa cha kitanda na niliona maandishi: 10, halafu ile herufi U ya yuniti, iliyoandikwa haraka mpaka imejifunga juu. Ukiiangalia vibaya ni sufuri nyingine. Kumi au mia moja. Nilikuwa nimeandika kuhusu kosa hilohilo kwenye insha ya usalama wa dawa, ni kosa linalojulikana duniani kote, ndiyo maana wanashauriwa waandike neno zima. Nilikuwa nimeliandika kwa ufasaha sana. Na pale kitandani, na mamangu amelala, sikulikumbuka. Sikufungua mdomo. Nilikuwa naangalia tu mikono ya huyo msichana.

Akasema, "Mama, nisubiri kidogo. Hapa sijaelewa." Akaenda kumwita sista.

Ilikuwa 10. Sista akamwonyesha, akalalamika kuhusu mwandiko wa watu, wakapima pamoja, wakamdunga. Yote haikuchukua dakika tano. Mama hakujua kwamba kuna kitu kilitokea, na kwa kweli hakuna kilichotokea. Sikumuuliza msichana anasoma chuo gani. Niliona aibu yake, alipokuwa akitembea kumtafuta sista mbele ya wodi nzima, na wagonjwa wengine wakisema huyu bado ni wa kujifunza. Nikaelewa alama moja ya Anti ni ya nini. Ni ya kulipia hiyo aibu mapema, darasani, mtu aizoee.

Ningeweza kuishia hapa, Anti akiwa shujaa. Lakini kuna yule wa nukta.

Alikuja nyumbani, wiki moja baada ya ile Jumapili. Sijui nani alimwambia Anti huwa kwetu. Msichana mrefu, kitambaa kichwani, akakataa kuketi. Nikapika chai. Nyumba yetu ni ndogo, hakuna mahali pa kwenda usisikie. Alisema, "Madam, nilikuwa sijalala." Alikuwa akipika chapati za kuuza stendi kuanzia saa tisa usiku, ndiyo karo yake hiyo, kisha anaingia darasani saa mbili. Ile sufuri ilimshusha chini ya alama ya kupita, na kurudia mtihani kuna ada, na ada hana. Hakuomba alama ya bure. Aliomba alama za njia.

Anti alimuuliza mara ya mwisho alikula lini. Akamwekea chakula, akakaa naye mpaka akamaliza. Akamwambia ile ada atamchangia, na kwamba atamfundisha mwenyewe Jumamosi. Sufuri hakuigusa.

Msichana alishukuru vizuri sana. Muhula uliofuata hakurudi.

Hapa ndipo mimi na Anti tuligombana kwelikweli, mara ya kwanza na ya pekee. Nilimwambia darasa linatakiwa liwe mahali ambapo kukosea ni rahisi, si yeye mwenyewe amesema? Bora ukosee kwa karatasi kuliko kwa mtoto. Lakini kwa huyo msichana kukosea hakukuwa rahisi. Mtoto wa daktari akipata sufuri hiyohiyo, babake analipa ada ya marudio kabla ya chakula cha mchana, na sufuri inamfunza. Mpika chapati akiipata, inamfukuza. Sufuri ni moja, bei ni mbili. Na Marekani, mteja wangu hakosei kabisa, maana ameninunua mimi nikosee kwa niaba yake.

Nilisema mengi. Nilikuwa najisemea pia, nadhani. Mimi nilitoka chuo na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeuliza niko wapi.

Anti alisikiliza yote. Akasema amempigia yule msichana mara tatu na namba haiingii. Akasema pia kwamba kama angempa zile alama tatu angelala vizuri, na kwamba hilo ndilo linalomfanya asiziamini. Sikujua la kumjibu, na bado sijui. Naona ana haki kuhusu mtoto wa kilo 8. Naona nina haki kuhusu msichana. Kuna siku nadhani kosa halikuwa la alama, lilikuwa la kupanga kwamba mtu ajifunze kuokoa maisha ya wengine akiwa hajalala, na mwalimu mmoja mwenye kalamu nyekundu hawezi kulirekebisha kwenye karatasi. Siku nyingine naona hiyo ni njia tu ya kumtoa kila mtu lawamani, mimi nikiwa wa kwanza.

Ningependa kuandika kwamba niliacha ile kazi kwa sababu ya Anti, au kwa sababu ya ile insulini ya mamangu. Ukweli ni kwamba ChatGPT ilitoka mwisho wa mwaka 2022, na kufikia mwaka uliofuata kazi zikaanza kukauka, bei ikaanguka, mwenye akaunti akaacha kupokea simu. Kazi iliisha kabla dhamiri haijamaliza kuvaa viatu. Insha mbili za mwisho niliziandika baada ya mama kutoka hospitalini, nikijua yote niliyowaeleza hapa.

Sasa Anti ana shida yangu ndani ya darasa lake. Wanafunzi wana simu, simu ina mashine, mashine haina neno "sijui" kama mimi nilivyokuwa sina. Aliniita nimsaidie. Mwizi mstaafu ndiye anayejua madirisha. Tumekaa Jumapili kadhaa tukibadilisha maswali yake yawe ya kuulizwa kwa mdomo, ana kwa ana: nionyeshe, kwa nini si ile nyingine, na kama stoo hakuna? Inamchukua siku tatu kumaliza darasa moja. Halipwi zaidi kwa hilo.

Mwezi uliopita nilikuwa na homa nikaingia kemisti moja ndogo, sitaitaja ni wapi. Nyuma ya kaunta, koti jeupe, kitambaa kichwani, ni yule msichana. Hakunitambua, ama aliamua hivyo. Hana leseni, najua hana, na ile sufuri iliyomzuia kumfikia mgonjwa imemleta hapa mtaani, ambako hakuna sista wa kumwita.

Mbele yangu kulikuwa na mama na mtoto mgongoni, anataka dawa ya homa, ile ya sirapu. Msichana akamuuliza mtoto ana kilo ngapi. Mama akasema hajui, mpe tu kama ya watoto. Msichana akasema hapana, akainama, akatoa mizani ya chini kutoka chini ya rafu. Akampima mama akiwa na mtoto, akanishikisha mtoto mimi, akampima mama peke yake. Akaandika nyuma ya risiti. Akaikata hesabu, akaandika tena, midomo ikitembea.

Nilimshika huyo mtoto kama dakika mbili. Alikuwa wa moto sana. Nikanunua dawa yangu nikatoka. Anti bado sijamwambia.